Kundi la Wakubwa

Miguu yangu ilikuwa imekwisha Jumapili ile. Juma zima nilikuwa nimebeba abiria kwa baiskeli, kazi ambayo Kisangani tunaiita toleka, na badala ya kulala nilikuwa juani baada ya misa, kwenye foleni ya watoto na vigari vyao vya mbao. Binti yangu wa miaka minane alikuwa mbele yangu, hatulii.

Mashindano ya vigari hivyo yana makundi mawili. Wadogo hushuka nusu ya mteremko na kufunga breki kwa visigino. Wakubwa hushuka mpaka karibu na mto. Kigari chao lazima kiwe na breki ya kweli, tena kifikie uzito uliowekwa, pamoja na dereva wake. Umri hupimwa kwa mkono: mtoto anaupitisha juu ya kichwa, vidole vikigusa sikio la upande wa pili, basi yeye ni mkubwa.

Binti yangu amerithi mikono mirefu ya upande wa mama yake, wavuvi wa kabila la Wagenia. Alilishika sikio zima.

"Iko mukubwa," alisema mwenyekiti wa kamati ya mashindano, mfanyabiashara wa Kivu aliyetuazima mizani ya depo lake.

"Papa, mutoto iko na miaka nane tu. Karatasi yake ya batizo iko ku nyumba," nilimwambia.

"Karatasi, batu banauzaka. Mukono, hapana."

Wakampima pamoja na kigari. Uzito haukufika.

"Alors, mutie mawe," aliamua mwenyekiti.

Mkono unasema mkubwa, mizani inasema mdogo, na kamati ile ile inaamini vyote viwili! Nilitaka tuondoke.

"Papa, usinitoe. Basema niko mukubwa!" binti yangu alinisihi.

Sikuwa na nguvu ya kubishana na watu wawili. Lakini mawe, nilikataa. Mawe yangemsukuma tu mtaroni kwenye kona kali iliyo chini ya mteremko. Kama walitaka uzito, ningewapa uzito wenye kazi: breki. Wadogo wakishindana, nilifungua kiti cha chuma cha abiria kwenye baiskeli yangu, nikakifunga nyuma ya kigari kwa mipira ya kufungia mizigo, na chini yake kipande cha tairi, ili akikivuta kwa kamba kisugue barabara. Tulipopima tena, uzito ulifika. Kikivunjika, Jumatatu abiria angekaa wapi? Hilo sikutaka kulifikiria.

Zamu ya wakubwa ilipofika, walishuka wakipiga kelele. Kwenye kona binti yangu alivuta, na kigari kikagoma kama mbuzi mbele ya maji. Wenzake wawili walipinduka mtaroni, wakainuka na damu viwikoni, wakapanda tena, na bado wakamtangulia. Akawa wa mwisho.

"Papa, breki yako imeniharibia course!"

Alilia kwa hasira, akatangulia njiani kuelekea nyumbani. Nilimfuata nikikokota baiskeli, kigari begani, nikimtazama anavyokanyaga vumbi kwa kisirani, ngozi yake nzima, bila hata mkwaruzo. Nilikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kumwonyesha.