Kiti cha Sentimita Sabini

Mume wangu alinyoosha mkono wa kulia, ule wenye kovu la kuungua na bomba la moshi la pikipiki, akapiga kura nisiruhusiwe. Naanza na hapo kwa sababu hapo ndipo paliponiuma, na sina haja ya kuzunguka mbuyu.

Ilikuwa Durban, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kwenye ua wa nyuma wa jengo la flati pale Greyville. Kila Jumapili baada ya ibada walikutana wanaume saba, Wakongo watano na Watanzania wawili, kila mmoja na pikipiki yake. Zilikuwa za modeli moja, pana, nzito, usukani umetanuka kama pembe za ng'ombe, pikipiki ambayo unaikalia kama uko sebuleni kwako. Walizikuta zikiwa vyuma chakavu wakazifufua kwa mikono yao, na kwa hilo niliwaheshimu na bado nawaheshimu. Sheria yao ilikuwa moja tu: pikipiki iwe ya modeli ile, na iwe kama ilivyotoka kiwandani. Ukibadilisha kitu, huendi nao Pinetown, safari yao ya kila Jumapili.

Mimi nilikuwa nashona viti. Siku za wiki nilishona vya malori kwenye karakana moja Clairwood, na wakati mwingine nilipokea kazi za duka moja la pikipiki kule Pinetown. Nilikuwa nimetoka Tanga na mashine ya kushonea nguo, lakini Durban nguo zilikuwa nyingi na rahisi kuliko mkono wangu, kwa hiyo nikahamia kwenye ngozi bandia na sponji. Jumapili nilipanda nyuma ya mume wangu, mmoja wa wale Wakongo watano. Miaka minne nilitazama kisogo cha kofia yake, mlima wa kupanda na mlima wa kushuka.

Kuendesha alinifundisha yeye mwenyewe, kwenye ua wa malori, Jumamosi mchana. Alinifundisha vizuri, bila kupayuka. Leseni nilipoipata alinunua kuku.

Kisha kiwanda kikatoa modeli mpya kwa jina lile lile la zamani. Picha ilikuja kwenye gazeti la pikipiki, na gazeti likazunguka mikono saba mpaka jalada likang'oka. Tangi lilikuwa limefupishwa. Kiki ilikuwa imeondolewa, sasa unawasha kwa kitufe. Usukani ulisogezwa karibu na mpandaji, na kiti kilishushwa. Wiki tatu hawakuzungumza jambo jingine, na kelele zao zilimfanya jirani wa ghorofa ya kwanza afunge madirisha yake.

"Hii si moto," alisema mwenyekiti wao, Mkongo wa makamo, mchomeleaji vyuma, ambaye kwao pikipiki ni moto na friji ni frigo. "Hii iko frigo. Unafinya bouton, inanguruma kidogo, unangoja ikupe maji ya baridi."

"Tangi wamelikata likawa birika," akasema Mtanzania mmoja aliyekuwa na kibanda cha simu mjini. "Mtu mzima unakaaje nyuma ya birika?"

"Acha tangi, angalia kiti," mwenyekiti akamjibu. "Bameshusha kiti sababu ya bamama. Moto ya wanaume, sasa bamama banafika chini na miguu yote mbili. Eish."

Walicheka. Nilikuwa nimeketi kwenye kreti nikimenya chungwa, nami nikacheka kidogo, kwa sababu nilijua jambo ambalo wao walidhani nimelisahau.

Viti vyao vyote vilikuwa vimepita mikononi mwangu. Kila mmoja alikuja kwa wakati wake, kiti kimefungwa ndani ya kiroba, na kila mmoja alikuja na mgongo. Sijapata kuona kundi la wanaume wenye migongo mibovu namna ile. Dada, mgongo wangu, hebu nipunguzie sponji kidogo. Mama, daktari amesema. Hakuna hata mmoja aliyetaja miguu, ingawa wengi wao ni wafupi na modeli ile ilichorwa na watu warefu kwa ajili ya watu warefu. Nilikata, nikashona mshono pale pale ulipokuwa, na kila mmoja aliniomba nisiwaambie wenzake. Sikuwaambia. Fundi anayetangaza miili ya wateja wake hafai hata kushona gunia. Wa kwanza kabisa alikuwa mume wangu, na chake nilikata vidole vitatu vya sponji, kisha akaona bado, nikaongeza kimoja.

Hata hivyo nilipenda ile modeli mpya, na sikuipenda kwa kuwa ni ya kike. Niliipenda kwa sababu aliyeichora alikuwa amekubali wazi jambo ambalo saba hawa walilifanya kwa kujificha. Duka la Pinetown lilikuwa na moja iliyotumika kwa majaribio ya wateja, na kwa akiba yangu ya muda mrefu nikainunua. Jumapili iliyofuata niliingia nayo uani, mwenyewe, polepole, nikaiegesha mwisho wa mstari.

Hawakunitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana. Mwenyekiti alizunguka pikipiki yangu mara mbili, mikono nyuma, kisha akasema jambo hili lazima lipigiwe kura, kwa sababu jina ni la modeli yao lakini mwili si wake. Alitoa kitabu cha kiwanda cha modeli ya zamani, alichokuwa akikibeba kwenye nailoni kama cheti cha ndoa, akasoma vipimo vya tangi, vya usukani, na mwisho vya kiti. Sentimita sabini na saba kutoka chini. Yangu, kwa mujibu wa gazeti, ilikuwa sabini na moja.

"Sentimita sita," akasema. "Hii iko moto ingine. Anayekataa anyoshe mkono."

Mikono sita ilipanda. Wa saba ulikuwa wa mume wangu, nao ulichelewa, kisha ukapanda.

"Bibi yangu, mi nakupenda," akasema bila kunitazama, "lakini sheria ni sheria, règlement ni règlement."

Nilisikia masikio yakipata moto. Mtu aliyeninunulia kuku kwa ajili ya leseni. Nikajiambia nikinyamaza leo nitanyamaza mpaka kaburini, na nitapelekwa huko nimekaa nyuma ya mtu.

Nikafungua mkoba wangu, nikatoa futi ya kushonea.

"Mzee," nikamwambia mwenyekiti, "kitabu kimesema sabini na saba. Sheria inasema kama ilivyotoka kiwandani. Basi tupime zote."

Muuza simu alijiegemeza kwenye pikipiki yake ghafla, paja limefunika kiti. Mwingine akakumbuka ana mgeni nyumbani.

"Shemeji, hatujafika huko," muuza simu akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi nimefika."

Nilijua wanachoogopa, na nilijua pia mpaka wangu uko wapi. Siri za wateja si zangu. Lakini kiti cha mume wangu nilikikata bure, nyumbani kwangu, kwa kisu changu cha jikoni, na siri ya nyumbani kwangu nina hisa nayo. Nikaenda moja kwa moja kwenye pikipiki yake. Nikamwomba muuza simu aisimamishe wima, na alifanya hivyo haraka mno, kwa furaha ya mtu ambaye hakuchaguliwa. Nikaweka ncha ya futi kwenye saruji, nikaivuta hadi juu ya mshono, nikamwita mwenyekiti asome mwenyewe, maana mimi ni mwanamke na pengine namba zangu nazo ni fupi.

Aliinama. Alisoma, akavaa miwani, akasoma tena.

"Sabini," akasema.

"Nyani haoni kundule," nikasema. "Ya bamama ni sabini na moja. Nani anafuata?"

Mwenyekiti alisimama pale na kitabu chake, akakirudisha ndani ya nailoni taratibu, akaikunja mara tatu.

"Kitabu hii iko ya zamani sana," akasema. "Tuendeni, jua linapanda."

Nilikwenda nao Pinetown. Sikungoja kupangiwa nafasi, nilikaa katikati ya mstari. Pale kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, niliweka nyayo mbili chini, kisigino mpaka kidole, na sikumwonea mtu haya.

Jumanne mume wangu alisema nimemvua nguo hadharani. Nikamwambia mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alisema nirudishe sponji yote, yeye ataendesha pikipiki ya kiwandani, ya sabini na saba, watu waone. Sikubishana. Nilimrudishia, na nilishona kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kushona, kwa sababu hasira si sababu ya kuharibu kazi.

Jumapili, tukishuka kurudi mjini, robot ikawaka nyekundu. Alisimama mbele yangu kwa ncha za vidole, kulia, kisha kushoto, akitafuta lami. Pikipiki ilianza kulala polepole, naye akalala nayo, mbele ya teksi mbili zilizojaa watu. Hakuumia. Nilishuka, tukainyanyua wote wawili, na jasho lake lilinidondokea mkononi. Nilimhurumia, nasema kweli, lakini huruma hiyo haikunibadilisha nia.

Nyumbani alifungua boliti za kiti mwenyewe, akaniletea.

"Punguza," akasema.

"Mimi sikati tena kwa siri," nikamjibu. "Si chako, si cha mtu mwingine. Ukitaka, uniombe uani, Jumapili, mbele ya wenzako, na useme sababu."

Wiki mbili pikipiki yake ilikaa bila kiti, imefunikwa turubai. Jumapili mbili nilikwenda Pinetown bila yeye, na aliponisikia nikiwasha alijifanya anatengeneza redio. Jumapili ya tatu alishuka uani akiwa na kiti kwapani. Wanaume walikuwa wanajadili mafuta ya injini. Alisimama katikati yao, uso umekauka, akanikabidhi kiti kile bila kiroba.

"Miguu yangu haifiki chini," akasema. "Nipunguzie."

Nilitoa kisu, nikakata hapo hapo, juu ya kreti. Nilipomaliza kushona na kuinua kichwa, mwenyekiti alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, anafungua boliti za kiti kile kile nilichompunguzia kwa siri, nacho kipunguzwe tena, mbele ya wote.