Shikamoo ya Jikoni Haikuwa Yangu

(Msomaji wetu wa Songea ameomba tumfiche jina. Maneno ni yake.)

Mhariri na wasomaji wa ukurasa huu, habari za kwenu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tatu, kwetu ni Namtumbo, nimeishia darasa la saba, na nimeolewa hapa Songea, Bombambili. Nina mtoto wa kiume anayenyonya bado, na ninalea binti wa miaka sita ambaye sikumzaa. Nitamwita Zuhura, ingawa si jina lake. Mama yake alifariki, baba yake akanioa mimi. Naandika mtoto akiwa mgongoni, mnisamehe mwandiko.

Zuhura si mkorofi. Tangu niingie nyumba hii ananiamkia kila asubuhi, "Shikamoo mama mdogo," tena kwa adabu. Lakini ile "mdogo" hajawahi kuiacha. Hata akiwa na homa, nimempakata, akitaka maji ni "Mama mdogo, maji." Sikumlazimisha. Nilijisemea, siku akiwa tayari ataiangusha mwenyewe.

Mwezi uliopita tulifanya akika ya mwanangu, ile sadaka ya kumchinjia mtoto aliyezaliwa. Tulichelewa kwa sababu nilijifungua kwa shida. Mume wangu alichinja kondoo, na mama mkwe akasema lazima pawe na kababu, maana kwao Tunduru shughuli bila kababu ni mkutano tu. Sisi kwetu tulilima tumbaku, kababu nimezijulia ukubwani, na kondoo nilikuwa naogopa harufu yake. Mama mkwe akanitania: "Mngoni wewe, leo utanitia aibu mbele ya watu!" Nikamjibu, "Mama, niachie jiko, aibu nitaila mwenyewe." Tukacheka.

Nyama tuliisaga kwa mashine ya mkono tuliyoazima kwa jirani. Nikatwanga kitunguu saumu na tangawizi, nikakatia pilipili na majani ya giligilani, nikavunjia mayai. Binzari niliyonunua nikaona haitoshi. Juu ya kabati la vyombo palikuwa na kopo la maziwa, limefungwa nailoni na mpira, ndani mna viungo vilivyosagwa. Siku hizi maduka yamejaa kila kitu, si kama enzi zile mama zetu walipopanga foleni ya sabuni, basi nikadhani mama mkwe kanunua vya tayari. Nikachota, nikakanda, nikaviringa viduara, nikaanza kukaanga.

Kababu za kwanza zilipogusa mafuta, jiko likabadilika. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama mtu ameingia na nguo alizotoka kuzifukiza udi, akasimama karibu yangu. Nikageuka. Alikuwa Zuhura, mlangoni, amesimama wima.

"Shikamoo mama."

Jamani, moyo wangu ulijaa. "Mdogo" haikuwepo! Nikaweka mwiko chini. "Marahaba mwanangu, njoo."

Hakuja. Alikuwa anaangalia pembeni yangu, upande wa karai.

"Sikukuamkia wewe, mama mdogo. Namwamkia mama. Mbona haitikii?"

Kababu zile za kwanza zote ziliungua, ikabidi nikaange nyingine.

Wageni walikula mpaka wakalamba vidole. Jirani mmoja akapaza sauti, "Nani kamleta fundi wa Tunduru humu?" Watu wakaangua kicheko. Mama mkwe alitia moja mdomoni, akaacha kutafuna. Akanivuta uani.

"Umechota kwenye kopo la juu ya kabati?"

"Ndiyo mama. Si la dukani?"

"Dukani wapi! Alisaga marehemu, kwa mkono wake. Mimi sikuwa na moyo wa kulitupa wala wa kulifungua." Alilia pale pale, lakini kababu aliimaliza.

Tangu siku hiyo Zuhura kila asubuhi anasimama mlango wa jiko kabla ya uji. "Shikamoo mama." Halafu anasubiri. Mimi nipo pale nachochea moto, najua si yangu. Asipoitikiwa anakwenda kukaa kibarazani, uji unapoa, hagusi. Anakonda mtoto wa watu, na mimi naona. Mume wangu anataka kopo alitupe chooni, mambo yaishe. Nimemkatalia, nimelificha. Mama mkwe yeye anasema, "Si uitikie wewe? Sauti ipunguze tu, atajuaje? Unamwachaje mtoto na shikamoo yake mdomoni?"

Na mimi sasa naogopa. Juzi sikuwa nimekaanga kitu, moto wenyewe haujawaka, nikaisikia ile harufu. Mwanangu mgongoni akachekea ukutani, upande ule ule anaoangalia dada yake. Nimefika mahali nikitaka kuingia jikoni napiga hodi. Nyumba yangu mwenyewe!

Wasomaji, simwonei marehemu wivu. Angekuwepo, ningemuomba anifundishe. Lakini kumwigiza sauti sitamwigiza, hilo nimekata shauri, kwa sababu siku Zuhura akijua hataniamini tena hata nikimwambia nampenda. Kunyamaza nako kunammaliza. Kopo limebaki na viungo vya kukaanga mara moja tu. Nafikiria nimpikie, nimkalishe karibu yangu, nimwambie: hii harufu ni kazi ya mikono ya mama yako, alikuachia, na leo inaisha, na yeye harudi. Nalishika kopo, nafungua ule mpira, nafunga tena. Naona kama nitakuwa namzika mama yake mbele ya macho yake, na safari hii anayezika ni mimi.

Nyie mliolea watoto wa wenzenu waliotangulia, niambieni mlisema nini, na mlisema lini. Kesho asubuhi atasimama tena pale mlangoni anasubiri. Nimjibuje?