Mama Chupa na Maji Safi

Mwosha vyombo wa maabara ile, waliyemwita Mama Chupa, alikuwa na kinyongo, tena kilichokomaa, si cha jana. Miaka miwili mizima aliwalea arkea wekundu waliochotwa kwenye mabwawa ya chumvi. Viumbe hawa hawaonekani kwa macho, na msije mkawaita bakteria. Wana ukoo wao wenyewe, na ndugu zao wengine hustawi kwenye chemchemi za maji yanayotokota. Hawa wekundu walikuwa wakifa kama kuku wa kideri, mpaka yeye alipong'amua kiasi cha chumvi wanachotaka. Daktari, mkuu wake, akaandika makala, jina likawa lake peke yake.

"Lako la nini?" Daktari alimjibu Mama Chupa alipouliza. "Wewe si mwosha vyombo?"

Haya! Mama Chupa akarudi kwenye chupa zake, roho ikimuuma kwelikweli.

Siku wafadhili walipokuja kuwaona viumbe hao, Daktari aliketi kwenye hadubini, koti jeupe limenyooshwa, wageni watatu wamemzunguka.

"Mama, niletee maji safi nizimue haya yenye arkea," akaamuru bila hata kugeuka.

Sasa, kila alipoagiza maji safi, Mama Chupa alikuwa akimletea maji ya chumvi kali, maana arkea hawa wakiingia maji ya kawaida hupasuka papo hapo. Daktari mzima, na makala yake, hakulijua hilo! Miaka miwili mama wa watu alimsitiri. Leo akaona basi, imetosha. Akamletea maji safi, safi kabisa.

Daktari akadondosha, akachungulia. Akachungulia tena. Jasho likamtoka.

Kiongozi wa wageni, mwanamke wa makamo, naye akaweka jicho. "Mbona hamna kitu?"

"Wewe! Umeniletea nini?" Daktari akafoka.

"Maji safi, Daktari. Si ndiyo uliyoagiza? Mimi mwosha vyombo, nijue nini?"

Lo, raha iliyompata! Hakuificha hata kidogo.

"Hawa viumbe hutunzwa na nani hasa?" mgeni akauliza.

Ndani ya mfuko wa aproni Mama Chupa alikuwa na kichupa cha maji ya chumvi, ya kuzimulia tone jingine la arkea. Akakishika, shingo yake ikionekana, asikitoe. "Muulize yeye."

Daktari akatazama mfuko ule, akaelewa, akatazama sakafu. "Ni huyu mama," akanong'ona. "Kiasi cha chumvi alikigundua yeye."

"Sijasikia," akasema Mama Chupa. "Rudia, mgeni aandike."

Akarudia. Mgeni akamuuliza Mama Chupa jina lake kamili, akaliandika lote. Hapo ndipo kichupa kilipotoka mfukoni.