Leva ya Gia ya Mzee Githae

Githae wa Mugutha alikuwa mtu wa kupatana na kila mtu, isipokuwa leva ya gia ya pikipiki yake. Hiyo walikuwa wamegombana nayo mwaka mzima. Ilikuwa leva ndefu ya kawaida, ile ya kukanyaga mbele kwa vidole kupandisha gia na nyuma kwa kisigino kuteremsha, lakini ukimsikiliza mwenyewe ungedhani ni shemeji aliyekuja kutembea akakataa kuondoka. Mara imelegea, mara imeteleza, mara amekanyaga na gia haikuingia. Asubuhi akifika kwenye steji ya bodaboda, kabla hata hajaulizwa habari, alikuwa ameshaanza kuitukana.

"Guka, si ununue nduthi ingine tu?" Mwas, kijana wa steji hiyo hiyo, alipenda kumchokoza, akimwita babu kwa Kikuyu. "Hiyo imechoka kuliko wewe."

"Nyamaza wewe. Hii itakuzika."

Wote wakacheka, na Githae mwenyewe akacheka.

Alikuwa amekata mawe kwenye machimbo ya upande wa Juja tangu ujana wake, mpaka mgongo ukakataa. Ndipo akanunua pikipiki. Watu walisema mzee wa umri ule anatafuta kifo, lakini hawakujua pikipiki ile ilimrudishia nini. Mtu aliyekuwa ameanza kuomba kubebwa sasa alikuwa ndiye mbebaji. Alipeleka kuku wa mkewe Wakonyo sokoni Ruiru. Alileta unga, alileta makaa. Na juu ya yote, kila asubuhi alimpeleka mjukuu wake Lynn shuleni, kwa kuwa mama yake, Kui, aliingia kazini kiwandani Thika kabla jua halijachomoza. Lynn alikaa nyuma, mikono imeshika koti la babu yake, akiimba nyimbo za darasani mpaka getini. Githae hakuwa na abiria mwingine aliyempenda hivyo.

Leva aliitibu kwa kila dawa. Fundi wa kwanza aliikaza bolti. Wa pili alikata kipande cha mkebe wa soda, akakipachika kati ya leva na shafti, kile chuma kinachotoka kwenye injini, ili meno yaliyolika yapate kushikana. Dawa hiyo kila mtu wa pikipiki huku kwetu anaijua, na kila mtu anajua haikai. Wa tatu alikuja na mashine ya kuchomelea, akitaka kuiunganisha leva na shafti iwe kitu kimoja. Githae akamfukuza. Sili ya oili iliyo nyuma yake ikianza kuvuja siku moja, utaitoaje leva iliyochomelewa? Utaikata kwa msumeno? Akanunua leva mpya. Kabla mvua hazijaisha, nayo ikawa imelika meno.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Lakini Githae hakuwa amejiona bado kuwa ndiye mbaazi.

Kilichompeleka kwa fundi Carolyne ni lori la mawe. Alikuwa na Lynn nyuma, wakiingia barabara kubwa. Akakanyaga gia, akaamini imeingia, akafungulia mafuta. Injini ikalia kwa nguvu lakini pikipiki haikwenda; ilikuwa kwenye nyutro, bila gia yoyote, katikati ya barabara. Dereva wa lori akapiga honi ndefu na kukata kona, akawapita karibu mno, vumbi la mawe likawamwagikia. Githae akaisukuma pikipiki hadi pembeni kwa miguu.

"Guka, tena!" Lynn akasema, akidhani ni mchezo.

Alimfikisha shuleni akiisukuma, kisha akaenda moja kwa moja kwa Carolyne.

Carolyne alikuwa na kibanda cha kutengeneza pikipiki Ruiru, karibu na reli. Alikuwa mama wa makamo mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na alikuwa na sharti lake ambalo wateja wenye haraka walilichukia: pikipiki haitoki kwake mpaka aiendeshe yeye huku mwenye pikipiki amekaa nyuma, halafu mwenye pikipiki aendeshe huku yeye amekaa nyuma. Alisema fundi akiijaribu peke yake anajua tu kwamba inamfaa yeye.

Aliifungua leva, akaigeuza mkononi. Meno yalikuwa yamelika upande mmoja. Kikanyagio cha mbele kilikuwa kimepinda kuelekea chini.

"Mzee Githae, nani hukanyaga hii kama anaua nyoka?"

"Si mtu. Ni leva za siku hizi. Bati tupu."

Carolyne akachungulia ndani. Shafti nayo ilikuwa imelika, akaweka mpya, akaweka na leva mpya, akakaza bolti. Akaitikisa kwa mkono. Haikucheza hata kidogo. Kisha akampakia Githae nyuma wakaenda mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Gia ziliingia kimya kimya, moja baada ya nyingine. Githae akafurahi. Alimwambia kumbe siku zote alikuwa akipelekea vipofu kazi.

"Sasa wewe," Carolyne akasema.

Githae akakanyaga. Kishindo. Akakanyaga tena, kishindo. Walipofika kwenye bampu alitaka kuteremsha gia, akapiga kwa kisigino, injini ikanguruma bure. Akapiga tena, pikipiki ikaruka mbele kama mbuzi. Akasimama kando ya barabara akiwa amekasirika kweli.

"Umefunga vibaya!"

"Nimefunga vile nimekubeba nayo saa hii," Carolyne akajibu, akishuka. "Hebu niambie. Ukikanyaga, unajuaje imeingia?"

"Nasikiza injini."

"Na mguu?"

"Mguu unafanya nini?"

"Ikiingia, inagonga kidogo chini ya vidole. Kila mtu huhisi. Hata ukivaa gambuti."

Githae akakitazama kiatu chake. Aliukumbuka ule mguso mdogo chini ya kiatu. Aliukumbuka vizuri kabisa, siku za mwanzo, alivyoupenda. Lakini ulipotea lini hakujua. Alikuwa akikanyaga kwa nguvu zaidi na zaidi akiutafuta, na leva ndiyo iliyolipa.

"Leva nimemaliza, mzee," Carolyne akasema kwa upole. "Hiyo ingine si kazi yangu."

Tuseme ukweli: Githae aliogopa. Aliogopa kama mtoto. Mwaka uliopita nyayo zake zilikuwa zikiwaka moto kitandani, akajiambia ni mawe, ni ile miaka ya machimbo inadai haki yake. Moto ulipozimika alimshukuru Mungu. Wala hakumwambia Wakonyo, kwa sababu mama yake Wakonyo alikuwa na ugonjwa wa sukari, nao ulianza vivyo hivyo kwenye nyayo, na Wakonyo ndiye aliyemwosha mpaka mwisho, kwanza akiwa na miguu miwili, kisha mmoja. Githae alikuwa ameona uso wa mkewe miaka ile. Hakutaka kuuona tena, tena kwa sababu yake.

Alimwomba Carolyne ampeleke nyumbani. Akakaa nyuma ya pikipiki yake mwenyewe, mikono juu ya magoti, asijue aiweke wapi. Walipopita steji, Mwas alipiga mluzi. "Guka! Leo umepata dereva!" Githae akainua mkono tu. Mwas, ambaye hakuwa amezoea kuchokoza asijibiwe, akawafuata kwa macho.

Wakonyo alikuwa uani akiwapa kuku maji. Alimwona mumewe ameletwa kama abiria, akaweka ndoo chini.

"Baba Kui, umeanguka?"

"Sijaanguka." Akangoja Carolyne aage na kuondoka kwa miguu. Akamkabidhi mkewe ufunguo. "Kuanzia kesho Lynn atabebwa na Mwas. Nitaongea naye leo."

"Mwas? Yule ulisema hana akili?"

"Ana miguu." Akauonyesha mguu wake. "Mama Kui, wangu wa kushoto hauhisi kitu. Nimekuficha."

Wakonyo alimkalisha kwenye kigoda, akapiga magoti mbele yake, akafungua kamba za kiatu taratibu, jinsi alivyokuwa akimfungulia mama yake. Kiatu kikatoka. Soksi haikutoka, ilikuwa imeshikamana na unyayo. Akaimwagia maji ya kuku, akaivuta polepole, na chini ya kidole kikubwa kikatokea kidonda, chekundu, kimefunguka, si cha leo wala jana. Githae alikitazama kama kidonda cha jirani.

Wakonyo akakibonyeza pembeni kwa kidole.

"Kinauma?"

Maisha yake yote, kwenye machimbo, kwenye mawe yaliyomwangukia, swali hilo alilijibu upesi na kwa majivuno. Sasa alimtazama mkewe machoni na kuona ameshalijua jibu, na kwamba anaomba Mungu liwe lingine.

"Hapana," Githae akasema, akaanza kulia.