Goti la Mjukuu Wangu

Kwetu Manga, huko Kisii, hakuna mahali tambarare pa kuweka hata sufuria. Watoto walicheza mpira kwenye mteremko nyuma ya migomba, na mpira wenyewe ulikuwa wa maganda makavu ya mgomba yaliyofungwa kamba. Ukikupita unabingirika mpaka mtoni, na sheria yao ilikuwa kwamba aliyepitwa ndiye anayeufuata. Mjukuu wangu alikuwa mvivu wa kupanda mlima, basi akajifunza kutopitwa. Watu wakisema alizaliwa na kipaji mimi nawacheka tu. Mimi ndiye niliyekuwa namwona pale akiuzuia mpira kwa goti, kwa tumbo, hata kwa uso.

Nilimlea mimi. Baba yake, mwanangu wa kwanza, alikuwa kwenye mashamba ya chai huko Kericho pamoja na mkewe. Kwa desturi yetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake, na utani huo hauna mwisho. Akitoka shule ananiita kutoka njiani, "Mke wangu, umepika nini?" Nami namjibu, "Mume asiyeleta hata kuni anauliza chakula?"

Miaka ile ya sabini, kampuni moja ya Nairobi ikamwandika kazi kabla hajafikisha miaka ishirini. Kwa karatasi alikuwa mtu wa stoo, lakini kazi yenyewe ilikuwa mpira. Walimweka kiungo, pale katikati, mtu wa kuupokea mpira kutoka nyuma na kuupeleka mbele. Ukipotea hapo, lawama zote zake. Nilitembea sokoni kichwa juu kama niliyenunua ng'ombe wa maziwa.

Shida ilikuwa siku. Mechi zao nyingi zilikuwa Jumamosi, na sisi ni watu wa Sabato. Mzee wangu, babu yake kijana, alikuwa mzee wa kanisa. Habari zilipofika kwamba kijana anacheza siku ya Bwana, kanisa lilikaa, likauliza nani anakubali jina lake lifutwe. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa babu yake. Tangu siku hiyo hakumtaja kwa kinywa chake. Nikimtaja mimi, anatoka nje kuangalia ng'ombe.

Nyumbani kwetu redio haikuguswa tangu jua litue Ijumaa. Lakini kuwatembelea wagonjwa siku ya Sabato ni kazi njema, na ng'ambo ya ua wetu alikuwako bibi mmoja Mkatoliki, miguu yake imekufa, analala na redio kifuani. Nani atamwambia mgonjwa azime redio yake? Kila Jumamosi mchana nilimpelekea uji.

"Nyinyi wa Sabato," alinichokoza, "masikio yenu hayana mlango?"

"Nimekuja kukuona wewe."

"Basi niangalie mimi! Mbona macho yako yako kwenye redio?" Kisha anaongeza sauti. "Sikia, mume wako ameupata mpira. Ametulia kama mtu anayekula."

Jumamosi moja mtangazaji akapiga kelele, kisha akashusha sauti. Akasema kijana wa katikati, yule wa kutoka Kisii, amekanyagwa goti na anatolewa kwa machela. Bibi yule alinishika mkono, na hakufanya mzaha.

Siku zikapita bila habari. Halafu Ijumaa moja, jua likizama, nikamwona anapanda njia yetu na fimbo kama mzee. Goti lilikuwa kama boga.

"Mume wangu, wamekufanya nini?"

"Wameniharibu, mke wangu," akasema, akajaribu kucheka. Kisha akanieleza. Wakubwa wa timu walimwambia likipona arudi. Lisipopona, jezi ina mtu mwingine, na kazi ya stoo ina mtu mwingine, na chumba pia. Safari hii aliniita nyanya, si mke. "Magokoro, bila goti hili mimi si mtu kule."

Nilimlaza karibu na moto, nikaanza kulikanda kwa maji ya moto na majani. Babu yake alikula viazi baridi, akasali, akaingia kulala kana kwamba nyumba ina watu wawili tu.

Kwetu kuni za Sabato hupasuliwa Ijumaa, za kuuweka moto hai tu, maana chakula kimeshapikwa. Kulipokucha nilikuwa nimezimaliza zote, na goti bado lilikuwa linawaka kwa homa. Nje yalibaki magogo ya muwati yasiyopasuliwa. Nikatoka, nikashika shoka.

Mzee alikuwa mlangoni, amevaa koti lake la kanisani, Biblia kwapani.

"Weka hilo chini."

"Nitamkanda na nini? Na mate?"

"Nimesema weka chini. Utajikata."

Akanipa Biblia. Akavua koti, akalitundika kwenye mti wa parachichi, akanipokonya shoka. Kumbuka Jumamosi asubuhi kule Manga hakuna jembe linalolia wala kinu. Shoka likipiga gogo, bonde zima linasikia, na ng'ambo wanasikia mara ya pili. Waumini walikuwa njiani wakipita na watoto wao. Mmoja akasimama kwenye ua.

"Mzee, leo ni siku gani?"

"Siku naijua. Pita."

Alipasua gogo zima. Akabeba kuni mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu anioe, akaziweka jikoni. Akamtazama kijana.

"Ni goti gani?"

"La kulia, Sokoro."

Akanigeukia mimi. "Kanda mpaka kwenye paja. Unakandia chini sana." Kisha akavaa koti, akaenda kanisani akiwa amechelewa, na vipande vya mbao kwenye nywele.

Kanisa likakaa tena, safari hii juu yake. Walipouliza nani anakubali aondolewe kwenye uzee wa kanisa, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wake mwenyewe. Tangu hapo alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, pamoja na wanawake wenye watoto wachanga.

Kijana alirudi Nairobi bila fimbo. Akaanza na timu ya akiba, baadaye nikasikia jina lake tena kwenye redio ya jirani, nikamwaga uji. Lakini hata mimi nisiyejua mpira nilisikia kitu. Zamani mtangazaji alisema anageuka na mpira. Sasa alisema anaurudisha nyuma; goti liligoma kugeuka.

Mzee hakuwahi kwenda kwa yule bibi mgonjwa. Ila Jumamosi mchana ukinikuta bado nyumbani, ananiuliza, "Yule bibi leo hanywi uji?" Nikirudi haniulizi kitu. Anangoja jua lizame kabisa nyuma ya mlima, Sabato iishe, ndipo anasema neno moja tu, "Goti?" Nani kafunga, nani kashinda, hayo hakuyataka.

"Limevumilia," namwambia. Au, "Limemaliza dakika zote." Anaitikia kwa kichwa, anaomba chakula.

Jumamosi ile ya mwisho wa mvua nilikaa kwa bibi yule tangu mpira uanze mpaka uishe. Walitaja wote kumi na mmoja, wakataja na wa akiba, jina la kijana halikuwamo. Bibi akazima redio mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja.

Jua likazama. Mzee akavuta kigoda.

"Goti?"

Nikamwambia ale kwanza.