Pale Ngazi Inapokata Kona

Juzi, mjini Lindi, niliwaona vijana wakishusha kabati kutoka ghorofani. Kwenye kona ya ngazi likagoma kupinda, wakalisimamisha wima. Nikamkumbuka bibi yangu.

Enzi za Mwingereza, bibi alijenga nyumba ya ghorofa Kilwa Kivinje. Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilifuatana naye kuitazama; ngazi ilinuka chokaa mbichi. Pale inapokata kona, Fundi Salumu alikuwa ametandika mbao chache, mahali pa kugeuzia mguu tu.

"Panua," bibi alisema.

"Nikipanua, Bibi, ngazi itakula chumba cha chini."

"Ikile. Panua."

Fundi akacheka. Bibi hakubishana naye. Alivua makubazi, akakaza kanga, akajilaza chali juu ya zile mbao, mikono ubavuni. Visigino vyake vilining'inia hewani.

Mimi nilifurahi. Nilidhani anajitengenezea mahali pa kulala mchana, penye upepo wa dirishani, nikajibanza ubavuni pake.

"Na mimi nitaenea, Bibi?"

"Utaenea, mjukuu wangu. Lakini si leo." Kisha akamgeukia fundi. "Haya, nipime. Halafu uongeze nafasi ya watakaonibeba. Sitaki kusimamishwa."

Fundi hakucheka tena. Akachukua kamba yake, akapima.

Nilikuwa mtu mzima siku wanaume walipomtoa chumba cha juu. Nilisimama juu ya ngazi nikitazama. Kwenye kona jeneza liligeuka taratibu, limelala vilevile, wala hakuna bega lililogusa ukuta.