Mashine ya Zege Isiyo na Zege

Chekeni tu, wenzangu, maana ubwege wangu haufichiki. Nilipata kazi ya kumwaga sakafu ya duka hapa Heru Juu, ukandarasi ukanipanda kichwani. Saruji haijafika, mimi huyoo Kasulu mjini, nikakodi mashine ya kuchanganya zege. Inalipiwa kila siku, ifanye kazi au ilale. Hela nikachota kwenye akiba ya mahari ya Neema, mchumba wangu.

Asubuhi nikaiwasha ingurume tupu, kijiji kimjue mkandarasi. Punde akina mama wakajipanga na vikapu vya mihogo mikavu, wakidhani ni mashine ya kusaga. Wa kwanza kwenye foleni, mama yake Neema!

“Baba, unasaga bei gani?”

“Mama, hii ni ya zege.”

“Zege liko wapi?”

“Saruji inakuja wiki ijayo.”

“Na leo unakodi kwa hela ipi?”

“Ile ya akiba, mama.”

 Akili yake ikafika mbali kuliko yangu. Akajitwika kikapu, akawageukia wenzake.

“Turudini, jamani. Kinachosagwa hapa ni mahari ya binti yangu.”